Ramani za Bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, hukatiza jiji la Dar es Salaam kwa urefu wa takriban kilomita 35, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa bonde hilo, watendaji wa mitaa na wanafunzi ambao wamewaona vijana wakipima mitaro kwa futi na simu, au wamesikia ndege nyuki ikipita juu ya mapaa, na wanataka kujua kazi hiyo hufanywaje, inaweza kusema nini na haiwezi kusema nini.

Je, Msimbazi ni ardhioevu kweli, au ni bonde la mto tu?

Ni vyote viwili. Sehemu ya chini ya bonde, kuanzia Kigogo na Mchikichini hadi Jangwani na mlangoni mwa mto, ni uwanda mpana na tambarare ambamo maji hutuama, tope hushuka na matete huota yenyewe. Karibu na pwani maji ya chumvi hupanda bahari inapojaa, na hapo ndipo mikoko iliyosalia inapoishi. Ardhi ya namna hiyo haiachi kuwa ardhioevu kwa sababu imejengwa nyumba, karakana au barabara. Ujenzi hubadilisha matumizi yake, lakini maji huendelea kuielekea kwa kuwa ndiyo sehemu ya chini kuliko zote zinazoizunguka, na kila paa na kila lami inayoongezwa kwenye miinuko ya Tabata, Kinyerezi au Ubungo huyafikisha maji hayo bondeni kwa haraka zaidi na kwa wingi zaidi. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 na 5,383,728 katika sensa ya 2022. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja ndani ya miaka kumi ndilo linaloufanya upimaji wa bonde hili kuwa jambo la haraka.

Je, limeorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar?

Halijaorodheshwa. Tanzania ilijiunga na mkataba huo wa kimataifa wa kulinda ardhioevu mwaka 2000, na maeneo yake manne ni Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Msimbazi hulindwa na sheria za kawaida za nchi, hasa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Kazi hii ya kuchora ramani ilianzaje?

Mwaka 2011, wakazi wa Tandale pamoja na wanafunzi walichora ramani ya kata yao na kuiweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Desemba ya mwaka huohuo zikanyesha mvua ambazo zilielezwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya maafa hayo ilidhihirika kwamba jiji lilikuwa na ramani za mipango, lakini halikuwa na ramani inayoonyesha mitaro midogo, vichochoro na nyumba za makazi yasiyopimwa, yaani mahali palepale watu walipofia.

Mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kwa ushirikiano wa Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chama cha Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na Humanitarian OpenStreetMap Team, shirika linalochora ramani huria kwa ajili ya maafa. Wanafunzi wa vyuo hivyo viwili waliingia mitaani wakiongozana na wakazi, kata baada ya kata. Kwa maoni yangu, uamuzi uliokuwa na uzito kuliko yote ni ule wa kuyaacha matokeo wazi kwa kila mtu tangu siku ya kwanza, badala ya kuyafungia katika ofisi moja. Ramani ya hatari ambayo aliye hatarini hawezi kuifungua haimfai kitu.

Setelaiti hupiga picha kila baada ya siku chache. Kwa nini bado mnabisha hodi majumbani?

Kwa sababu mafuriko ya Msimbazi hayaisubiri setelaiti. Setelaiti za Sentinel-2 hurudi juu ya eneo moja kila baada ya siku 5 na huona vitu kwa pikseli (nukta za picha) za mita 10, lakini wakati wa masika mawingu hulifunika jiji siku ileile maji yanapojaa. Setelaiti za rada, kama Sentinel-1, huona kupitia mawingu na hata usiku. Hata hivyo hupita kwa vipindi vya siku kadhaa, ilhali mto huu mfupi unaweza kupanda, kuingia majumbani na kushuka ndani ya saa chache. Siku rada inapopita, wakazi wameshaanika magodoro.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakitajwi mara nyingi. Rada hutambua mafuriko kwa kuwa maji tulivu hurudisha mwangwi hafifu kuliko nchi kavu. Kati ya nyumba zilizobanana, mawimbi hugonga maji, kisha ukuta, kisha hurudi yakiwa na nguvu, kwa hiyo mtaa uliofurika unaweza kuonekana kama mtaa mkavu. Mbinu inayofanya kazi vizuri kwenye mashamba ya Rufiji hushindwa kwenye mitaa iliyobanana ya bondeni kama Hananasif. Picha za setelaiti zina thamani kubwa kwa mambo yanayobadilika polepole: kupungua kwa mikoko, kusambaa kwa ujenzi kwenye vilima vya juu, kuhama kwa mkondo mwaka hadi mwaka. Hifadhi ya picha za Landsat, inayorudi nyuma hadi 1972 na iliyofunguliwa bure kwa watu wote mwaka 2008, humwezesha mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta kulitazama bonde hili lilivyokuwa kabla yeye hajazaliwa.

Ndege nyuki huongeza nini ambacho setelaiti haina?

Huongeza mambo mawili: undani na mwinuko. Picha ya ndege nyuki iliyopigwa kwa urefu wa kawaida huonyesha vitu vya sentimita chache, kiasi kwamba kifuniko cha chemba na marundo ya taka ndani ya mtaro huonekana. Muhimu zaidi, picha nyingi zinazopishana huiwezesha programu kukokotoa mwinuko wa kila sehemu ya ardhi. Modeli ya mwinuko, yaani ramani ya kompyuta inayoonyesha urefu wa ardhi, ya dunia nzima iliyotengenezwa kwa rada ya chombo cha anga mwezi Februari 2000 ina pikseli za takriban mita 30 na makosa ya mita kadhaa, na mara nyingi hupima mapaa na vilele vya miti badala ya ardhi. Jangwani, ambako tofauti kati ya nyumba inayozama na nyumba inayonusurika inaweza kuwa chini ya mita moja, modeli hiyo haiwezi kuamua jambo lolote.

Hata hivyo, ndege nyuki yenye kamera ya kawaida ina udhaifu wake, na udhaifu huo huwa mkubwa zaidi kwenye ardhioevu. Kamera huona kilele cha matete, haioni udongo ulio chini yake. Mahali penye matete marefu modeli itaonyesha kilima ambacho hakipo, na maji yanayoigizwa na kompyuta yatakizunguka kilima hicho cha uongo. Dawa yake ni kutumia kipimo cha leza, ambacho miale yake hupenya kwenye nafasi kati ya majani, au kuingia bondeni kwa miguu na kupima mwinuko wa ardhi sehemu kwa sehemu.

Aidha, vipimo vya mwinuko vinavyotoka moja kwa moja kwenye mitambo ya setelaiti ya kutafuta mahali (GPS) havipimwi kutoka usawa wa bahari bali kutoka umbo la kihesabu la dunia, na katika pwani yetu umbo hilo liko zaidi ya mita 20 juu ya usawa halisi wa bahari. Mpimaji asiyesahihisha tofauti hiyo atapata maeneo ya chini ya jiji yakiwa chini ya usawa wa bahari. Kosa kubwa kiasi hicho hugunduliwa mara moja. Linalopaswa kuogopwa ni la nusu mita, linalopita bila mtu kulishtukia na kuingia katika usanifu wa mtaro au daraja. Ndiyo maana kabla ya ndege kuruka huwekwa alama ardhini, zikapimwa kwa uangalifu, na picha zote hufungwa kwenye alama hizo.

Mafuriko yaliyopita hupimwaje wakati maji yameshaondoka?

Hupimwa kwa kumbukumbu za watu, na hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoithamini kuliko zote. Mpimaji humuuliza mkazi maji yalifika wapi mwilini: kwenye kifundo cha mguu, gotini, kiunoni au juu ya kichwa. Jibu hilo hugeuzwa kuwa kina cha makadirio, huandikwa pamoja na mahali lilipotolewa, kisha hulinganishwa na majibu ya majirani na alama za tope zilizobaki ukutani. Mtu mmoja anaweza kuchanganya masika ya mwaka huu na ya mwaka ule, lakini majirani wengi wanaokubaliana juu ya ukuta mmoja ni ushahidi wenye nguvu.

Majibu hayo hutumika kuijaribu modeli ya kompyuta inayoigiza mwendo wa maji. Ikiwa modeli inasema kichochoro fulani hubaki kikavu na bibi anayeishi hapo anasema huondoa vitu vyake kila masika, modeli ndiyo inayorudishwa mezani. Mara nyingi hubainika kwamba kulikuwa na kalavati lililoziba, au ukuta uliojengwa na mtu binafsi ukayageuza maji, ambao haukuwa kwenye data. Kwa sababu hiyo wapimaji huandika upana na kina cha kila mtaro, kama ni wa udongo au wa zege, na kama umeziba kwa mchanga au kwa taka.

Kwa nini mnauliza mipaka ya mashina?

Kwa sababu onyo la mafuriko halifiki kwa mtu kupitia kata. Hufika kupitia balozi wake. Shina ndicho kizio kidogo kuliko vyote ambacho wakazi hukitambua, na kiongozi wake anajua ni nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutembea na ni ipi wapangaji wake ni wageni. Mipaka ya mashina kwa muda mrefu ilikuwa vichwani mwa viongozi bila kuchorwa popote. Ramani Huria ilikaa nao na kuichora. Tangu hapo mtaalamu anayeutazama uwanda wa mafuriko anaweza kusema ni mashina yapi yatafikiwa na maji, badala ya kutangaza kwamba kata nzima iko hatarini, tangazo ambalo baada ya kurudiwa mara kadhaa hakuna anayelisikiliza.

Nimeambiwa nyumba yangu iko ndani ya “mafuriko ya miaka 50”. Je, nina miaka 50 ya usalama?

Hapana, na kutoelewana huku kunaweza kugharimu maisha. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 2 wa mafuriko ya ukubwa huo au zaidi. Yakitokea mwaka huu, uwezekano wa mwaka ujao unabaki asilimia 2 ileile. Ukiishi katika nyumba hiyo kwa miaka 30, uwezekano wa kukutwa na mafuriko hayo angalau mara moja ni takriban asilimia 45. Hesabu hiyo huchukulia kwamba hali ya hewa na bonde havibadiliki, ilhali ujenzi wa miinuko ya juu unaongeza maji na mchanga kila mwaka, hivyo ni busara kuichukulia kama kiwango cha chini.

Je, ramani hizi zitatumika kunibomolea nyumba?

Swali hili linastahili jibu lisilozunguka. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na ramani yoyote sahihi inaweza kutumiwa kuonyesha nani yuko ndani ya mita hizo. Hatuwezi kumwambia mkazi kwamba ramani haina madhara. Lakini ramani hiyohiyo humsaidia pia, kwa sababu huthibitisha kwamba nyumba yake ilikuwapo, ilikuwa na ukubwa gani na mwaka gani ilionekana pichani.

Ugumu upo kwenye ukingo wenyewe. Msimbazi hubadili mkondo, hula upande mmoja na kujaza mwingine, na mkazi aliyejenga mbali na maji anaweza kujikuta ukingoni bila kuhama. Mita 60 hupimwa kutoka ukingo wa lini? Naamini kwamba kila zoezi la kuweka mipaka linapaswa kutaja tarehe ya picha iliyotumika na kuwaonyesha wakazi mstari huo kabla haujageuka kuwa alama nyekundu ya X ukutani.

Ramani ya mafuriko si hati ya fidia. Uthamini wa mali hufanywa na wathamini waliosajiliwa kwa kufuata sheria, kwa kuitembelea mali yenyewe, na mwenye mali ana haki ya kuwapo na kupata nakala ya kilichoandikwa. Mtu yeyote akikuonyesha picha ya angani na kukwambia kwamba hiyo inatosha kuamua malipo yako, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mradi mkubwa wa kuendeleza bonde umezitumiaje taarifa hizi?

Baada ya mafuriko ya Aprili 2018, ambayo yalisimamisha tena mabasi yaendayo haraka na kuifunika karakana yao ya Jangwani, serikali iliwakutanisha wataalamu, taasisi na wakazi kuandaa mpango wa pamoja wa bonde. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, Hispania na Uholanzi zikaongeza dola milioni 30 kila moja. Miongoni mwa kazi zake ni daraja jipya la Jangwani, kuchimba na kupanua mkondo, kuhamisha karakana ya mabasi, na kuligeuza eneo la chini kuwa bustani ya jiji inayoruhusiwa kufurika. Modeli za maji zilizotumika katika mipango ya namna hii hujengwa juu ya data za mwinuko, mitaro na majengo kama zile zilizokusanywa mitaani.

Kinachohitaji kuangaliwa kwa karibu ni mchanga. Mto uliochimbwa Jangwani utajaa tena iwapo vilima vya juu vitaendelea kumomonyoka, kwa hiyo upimaji wa korongo zinazokua Pugu na Kinyerezi, pamoja na maeneo ya uchimbaji wa mchanga, una umuhimu sawa na upimaji wa bustani. Kwa bahati mbaya, sehemu ya juu ya bonde huvutia wageni wachache kuliko ile inayoonekana kutoka Barabara ya Morogoro.

Bahari ina sehemu gani katika mafuriko haya?

Ina sehemu kubwa karibu na mlango wa mto. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa pwani ya Dar es Salaam huzidi mita 3. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, mto hukosa pa kumwaga na maji hurudi nyuma. Mtafiti anayetumia takwimu za mvua pekee bila jedwali la maji ya bahari hataelewa kwa nini mvua mbili zinazolingana zilileta mafuriko yasiyolingana.

Je, picha zinaweza kuonyesha uchafu wa maji na sumu kwenye mboga?

Kwa sehemu ndogo tu. Kamera huonyesha rangi ya maji, mapovu, taka na mahali bomba linapotokeza mtoni. Risasi, kromiamu na kadimiamu, ambazo tafiti mbalimbali zimezipata katika udongo na mboga za bondeni, hazina rangi inayoonekana kutoka angani. Kuzijua kunahitaji sampuli za maji, udongo na majani zipelekwe maabara. Ramani husaidia kuchagua mahali pa kuchukua sampuli: juu na chini ya bomba, kabla na baada ya makutano ya vijito, katika kiangazi na katika masika. Wakulima wa mchicha na matembele wanapaswa kupewa matokeo kabla hayajachapishwa, kwa sababu riziki yao ndiyo inayoguswa kwanza.

Nani anaruhusu ndege nyuki kuruka, na picha za uani kwangu zinakwenda wapi?

Kurusha ndege nyuki kunahitaji kibali, na mamlaka husika ni ya Usafiri wa Anga. Viongozi wa mtaa wanapaswa kuarifiwa kabla, na mkazi ana haki ya kuuliza karatasi za kibali. Ramani ya wazi haihitaji majina, namba za simu wala sura. Paa na mtaro vinatosha. Majibu ya dodoso yanayomtambulisha mtu yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Je, kuna miji jirani ya kujifunza kwayo?

Kampala ina ardhioevu ya Nakivubo, ambayo kwa miaka mingi imepokea majitaka ya jiji kabla hayajafika Ziwa Victoria, karibu na eneo ambalo jiji hilohilo huvuta maji yake ya kunywa. Kigali ilifungua bustani ya ardhioevu ya Nyandungu mwaka 2022, baada ya kurejesha mimea ya asili mahali palipokuwa pameharibiwa. Kila mahali pana udongo na sheria zake. Somo la jumla ni kwamba urejeshaji huhitaji kwanza kujua mipaka.

Mwanafunzi asiye na vifaa anaweza kuanzaje?

Anaweza kuanza kwa kompyuta ya kawaida, intaneti ya chuo na QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani ambayo hutolewa bure. Data za majengo na barabara zinapatikana OpenStreetMap, picha za Sentinel na Landsat hazilipiwi, na kupitia Resilience Academy, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Turku cha Finland na vyuo vya Tanzania, wanafunzi wa hapa wamepata mafunzo kwa vitendo na hifadhi ya data za hatari za tabianchi. Zoezi zuri la kwanza ni kuchagua mtaro mmoja, kuufuata kwa miguu kutoka unapoanzia hadi unapomwaga, na kulinganisha ulichokiona na kilichochorwa.

Nimeona kosa kwenye ramani ya mtaa wangu. Nifanye nini?

Fungua akaunti ya OpenStreetMap na ulirekebishe, au acha ujumbe mahali palepale ukieleza kisicho sahihi na umekijuaje. Kama huna simu inayofaa, mweleze mwenyekiti wa mtaa ili aandike eneo kwa kutumia alama zinazojulikana, kama vile kisima, msikiti au duka. Marekebisho yanayohitajika zaidi ni ya mitaro, vivuko vya miguu na makalavati, kwa kuwa hivyo hubadilika kila masika, na mstari uliokuwa sahihi mwezi Februari unaweza kuwa umefukiwa kabisa ifikapo Juni.